Uyoga, kinga ya mwili, na kilichotokea nyumbani kwetu Bukavu baada ya mama kuonja kwanza

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nawaandikia kutoka Bukavu, Kongo, upande wa Bagira. Kwa kawaida mimi ni msomaji tu humu. Nasoma, nacheka, napita zangu.

Lakini siku hizi naona nyuzi za kusifia uyoga zinaongezeka. Uyoga unaongeza kinga, uyoga unasafisha utumbo, uyoga hivi, uyoga vile. Na kuna mkuu mmoja ameandika kwamba mwenye mgonjwa nyumbani asipoteze muda na supplement za dukani, aingie porini akachume mwenyewe.

Huyo ndiye aliyenifanya nishike simu.

Nitaeleza yaliyotupata kama yalivyokuwa, chumvi sitaongeza. Kama umekuja kutafuta uzi wa kuchekesha, huu sio, pita salama.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto, na kazi yangu ni kulima uyoga. Sio shambani. Nina chumba cha nyuma chenye giza, nimening'iniza mifuko ya plastiki iliyojaa maganda ya maharagwe na majani makavu ya migomba niliyoyachemsha, na uyoga unachomoza pembeni kama masikio. Huku tunauita pleurote, kwa Kifaransa. Unanilisha na umesomesha wanangu, kwa hiyo sina ugomvi na uyoga. Ukiniuliza faida zake nitakueleza mpaka uombe maji ya kunywa.

Sasa, nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, Désiré. Fundi seremala. Mtu wa maneno mengi na misumari mdomoni, sijui alikuwa anaongeaje bila kuimeza. Aliishi na mkewe Furaha na watoto wao wawili katika uwanja mmoja na mimi na mama yetu.

Désiré akashikwa na kifua kikuu.

Dawa alizianza mapema na hakuruka hata siku moja. Tatizo likawa tumbo. Mwenye kuzijua dawa zile anajua. Anakula vijiko viwili, anasukuma sahani. Akila zaidi, anarudisha. Suruali zake zikawa zinafungwa na kamba. Muuguzi akatuambia dawa bila chakula ni kama kumtuma askari vitani bila risasi, tutafute chakula chepesi chenye protini.

Nikaanza kumpikia pleurote. Nakata nyembamba, nachemsha muda mrefu mpaka inalainika, naweka karanga za kutwanga, poireau, ile jamii ya kitunguu cha majani, na mawese kidogo. Siku za kwanza alikuwa anakunywa supu tu. Baadaye akaanza kutafuna. Baadaye akaanza kuomba.

"Yaya," akaniambia siku moja (yaya kwetu ni dada mkubwa), "weye umekuwa docteur wa buyoga. Bado blouse nyeupe ya hospitali tu."

Wiki zilivyokwenda, tumbo likatulia. Choo kikawa cha kawaida. Kamba ya suruali ikatoka, mkanda ukarudi. Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotelea sokoni.

Hapa nisimame kidogo, maana ndio faida mnazozizungumzia humu. Kwenye mafunzo ya wakulima tulielezwa kwamba kuta za uyoga zina kitu kinaitwa beta-glucan. Ni aina ya nyuzinyuzi. Tumbo haliimeng'enyi, inashuka mpaka chini kwenye utumbo na kuwalisha bakteria wazuri wanaoishi huko. Na inasemekana inaamsha wale askari wa kinga wasilale kazini. Mimi sio mtaalamu, nawapa nilichofundishwa. Ila yule mwalimu alirudia mpaka tukachoka kumsikia: hiki ni chakula. Mgonjwa asiache kidonge chake kwa sababu ya uyoga. Na upikwe uive, uyoga mbichi unaumiza tumbo badala ya kulituliza.

Désiré aliendelea na vidonge vyake. Alikuwa anapona. Nataka mlishike hilo: mdogo wangu alikuwa anapona.

Sasa niwape mama.

Mama ni Mlega, amezaliwa Shabunda, ndani kabisa, msitu juu ya msitu. Bukavu alikuja mtu mzima, kwa kukimbia, kama wengi. Anaujua uyoga wa kwao kuliko mimi ninavyoyajua majina ya majirani zangu. Wa kwenye kichuguu, wa kwenye gogo, wa kuchoma, wa kukausha.

Na alikuwa na sheria zake mbili.

Ya kwanza, uyoga haung'olewi. Unavunjwa kwa vidole, usawa wa udongo. Kwa sababu ukiung'oa umechukua na mama yake, na mwaka ujao hutapata kitu. "Unavunja mutoto, unaacha mama chini azale tena." Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Ya pili, uyoga wa porini hauliwi kabla mkubwa wa nyumba hajaonja. Mchana anaonja kijiko kimoja, peke yake. Wengine mnangoja. Jioni mkimwona bado amesimama, mnapakua.

Tukiwa wadogo ilikuwa sinema. Tunakaa mlangoni tunamtazama mama mchana kutwa, mate yanatutoka. Na yeye anajua tunamtazama. Basi ghafla anashika tumbo, anageuza macho, anajiangusha kwenye mkeka. Sisi mayowe! Kisha anaanza kucheka mpaka kitambaa cha kichwa kinaanguka. Désiré, kwa kuwa ndiye mdogo, alikuwa analia kweli kila mara.

Haya. Ikaja audio.

Mnazijua audio za WhatsApp. Hii ililetwa kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Mwanamke mwenye sauti tamu, hajitaji jina, anajiita mtaalamu. Mama aliisikiliza mpaka nikaijua kwa kichwa:

"Bamama, buyoga ya kulimia mu sachet ni ya biashara. Ile yenye Mungu alipanda mu pori ndiyo iko na nguvu. Inasafisha tumbo, inasafisha damu, inasafisha mapafu."

Mapafu. Neno hilo moja likamwingia mama.

"Umesikia?" akaniambia. "Ile yako ni muzuri, sikatae. Lakini imelelewa mu nyumba, haiyue jua, haiyue mvula. Itapiganisha nini?"

Nikamwambia nguvu ya uyoga sio ngumi, faida ni zilezile. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanangu anaponifundisha simu. Nikaacha, kwa sababu mvua zilikuwa bado na maneno yalikuwa maneno tu.

Mvua zikaanza. Mimi nikaitwa Kalehe, kuna kikundi cha wanawake walitaka kujifunza kulima pleurote. Nikafunga safari. Mengine ya siku zile nimeyajua kwa Furaha, na Furaha hana mdomo wa kuongeza.

Jumapili, mama akitoka misa alipita njia ya juu, kwenye kilima chenye misonobari, ile miti ya kigeni iliyopandwa zamani. Chini ya miti akakuta uyoga. Mkubwa, mweupe unaoelekea kijani kidogo, umenona. Unafanana na mmoja wa kwao aliokuwa akiula tangu utoto. Akautazama vizuri, akaona konokono amekula pembeni. Kwa watu wetu huo ni ushahidi tosha: mdudu amekula, mtu atakula.

Akauvunja kwa vidole, usawa wa udongo, kama alivyofundishwa na mama yake. Akaufunga kwenye kitenge akarudi nyumbani anaimba.

Aliupika peke yake na akakataza wengine. "Hii ni ya mugonjwa." Watoto walilia wakitaka, wakapewa sambaza, vile visamaki vya ziwa, wakanuna. Leo nikiwatazama wale watoto nakumbuka zile sambaza, nashukuru.

Mchana mama akaonja kijiko chake. Kisha akafagia uwanja, akafua, akapeta maharagwe. Jioni akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Muniangalie. Niko nasimama?"

"Unasimama, maman," Furaha akajibu.

"Basi mutoto yangu akule."

Désiré alimaliza bakuli lote na bukari yake, ugali wetu, akapangusa mchuzi kwa kidole. Akasema, "Hii iko tamu kupita ya yaya. Musimwambie." Furaha aliniambia hivyo hivyo, na mimi mjinga, pamoja na yote yaliyotokea, bado kuna sehemu yangu inauma kwa hilo neno.

Alfajiri wote wawili wakaamka na matumbo. Mama alitapika, akalegea, akajikunja kitandani. Désiré yake ilikuwa bomba limepasuka. Kulipokucha akabebwa kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, mpaka kituo cha afya.

Na hapa wakuu mtuelewe. Mji wetu mnausikia ulivyo siku hizi. Maji ni ya kubahatisha, kipindupindu hakijawahi kutuaga. Mtu akifika anaharisha maji, hakuna anayeuliza swali la pili. Wakamweka kwenye hema la kolera, serumu, yaani dripu, kwenye mikono yote miwili. Waliuliza kuhusu maji ya kunywa. Waliuliza kuhusu choo. Hakuna aliyetaja uyoga, na si kwamba mama au Furaha waliuficha. Haukuwajia akilini kabisa, kwa sababu ulikuwa umeonjwa. Kwetu uyoga ulioonjwa hauna kesi.

Nilipigiwa simu Kalehe, nikarudi. Nikapita kwenye maji ya klorini, nikamkuta mdogo wangu amekaa kitako, anaomba chai. Midomo imekauka lakini anatania. "Yaya, kolera imenikataa, inasema niko mwembamba sana."

Akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mama naye alikuwa ameinuka. Tukasali pamoja, watoto wakampanda baba yao mabegani. Kama mngetuona jioni ile mngesema hii familia imependelewa.

Kesho yake asubuhi alitoka kukaa mlangoni apate jua. Nikampelekea uji. Akanyanyua uso kunishukuru, na mwanga ukampiga machoni.

Macho yalikuwa ya njano.

Bakuli halikuniponyoka wala nini. Nililiweka chini taratibu, nikageuka, nikauliza kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Mulikula nini?"

Mama akatoka ndani. "Buyoga. Lakini nilionja, mwanangu. Nilionja mbele."

Hospitali kubwa tulipokewa na daktari kijana. Aliposikia kwamba Désiré aliharisha, akapata nafuu, kisha macho yakawa ya njano, akauliza juu ya uyoga kabla hatujautaja. Akataka kujua ulikuwa wa namna gani, akatuomba tukaulete kama bado upo. Nikapanda kilima na mama. Hakutaka kukaa nyumbani, alipanda anapumua kwa shida, ananitangulia.

Ulikuwepo, mwingi tu, umechanua kwenye zile sindano za misonobari. Mama akainama, vidole vikaenda usawa wa udongo, kama kawaida yake.

"Maman, chimba," nikamwambia. "Tosha yote." Yaani autoe mzima mzima.

Akanitazama. Kisha akachimba kwa kidole. Shina likatoka na chini yake kuna kitu cheupe, kama kifuko, kama ganda la yai lililopasuka. Mama akakigeuza geuza mkononi.

"Hii sikuiona hata siku moja," akasema. "Hii yetu haina hii."

Akakaa chini papo hapo, kwenye udongo wenye maji. Wa kwao, wa Shabunda, ungeung'oa usingekuta kifuko. Lakini maisha yake yote hakuwahi kuung'oa uyoga wowote, kwa hiyo angejuaje? Na kilima hiki sio msitu wa kwao, na miti hii sio miti ya kwao.

Daktari alipokiona kile kifuko alitikisa kichwa. Mama akamshika mkono wa koti.

"Docteur, si konokono alikula?"

"Maman, konokono anakula na hapati kitu. Ni sisi ndiyo inauwa."

"Si nilionja? Mangaribi, jioni ile, nilikuwa nasimama."

Akamweleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Sumu ya namna ile haiji haraka. Inakaa kimya mchana mzima, mwili haujui. Halafu inavuruga tumbo. Halafu inakuachia, unaomba chai, unatania, unadhani yamekwisha. Wakati huo iko kwenye ini, inalimaliza. Kijiko kimoja, mama alipona. Bakuli zima, na ini lenyewe limechoka na dawa za kifua, sijui hata kama alitaka kumalizia sentensi. Akasema, "Tutafanya yenye tunaweza."

Walifanya. Sina lawama nao. Vitu ambavyo daktari alivitaja, vya kubadilisha ini, viko nchi nyingine na maisha mengine.

Désiré alianza kuchanganya maneno. Alinipa maagizo ya meza ambayo aliiuza zamani. Kisha akamwita mama, akamwambia aache kujiangusha kwenye mkeka, anamtisha. Mama alikuwa amesimama pembeni yake wima.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyaelewa. Mdogo wangu alikufa kwa uyoga, wakuu, wakati kifua chake kilikuwa kinapona.

Kwenye maziko mama hakulia. Wanawake wa kanisa walimshika huku na huku, wakidhani ataanguka. Alisema kitu kimoja tu, akitazama shimo: "Nilivunja mutoto, nikaacha mama."

Wasiomjua walidhani amechanganyikiwa. Mimi ndiye niliyelia kwa niaba yake.

Majirani wakasema mengi. Kuna waliosema uchawi. Kuna walioacha kununua pleurote zangu, ingawa hazijawahi kumdhuru mtu, na wengine wamerudi kimya kimya. Yule mama wa audio anaendelea na audio zake. Juzi alikuwa kwenye majani ya mpera.

Somo langu nitalisema kwa kifupi kwa sababu nimechoka.

Uyoga ni chakula kizuri. Tumbo la mdogo wangu lilitulia nikiona kwa macho yangu, na sitageuka leo niseme ni uongo. Lakini wema huo unaupata kwa uyoga uliolimwa na mtu anayejua anachopanda. Wa porini hauna baraka ya ziada. Konokono sio shahidi. Kuonja sio kipimo. Wazee wetu hawakuwa wajinga, walijua vya kwao, ila sisi tumehamishwa hamishwa mpaka ujuzi uko mahali pamoja na sisi tuko pengine.

Na kama umekula uyoga wa porini, ukaharisha au kutapika saa nyingi baadaye, mwambie daktari neno hilo moja, uyoga, hata kama hujaulizwa. Na ukipata nafuu usirudi nyumbani kusherehekea.

Sasa nililokuja kuwauliza.

Mama uyoga hagusi tena, hata wangu. Lakini anaonja chakula cha watoto wa Désiré. Chote. Bukari, maharagwe, uji, hata mkate. Na haiamini jioni tena. Anasema jioni ilimdanganya. Anaonja leo, watoto wanakula kesho. Kwa hiyo pale nyumbani kila siku kinachopikwa ni cha kesho, na kinacholiwa ni cha jana, kimepoa. Furaha aliwahi kuwapa ndizi kwa siri, mama akagundua, akatetemeka mpaka tukamlaza.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Sina moyo wa kumwambia mama methali hiyo.

Padri ameongea naye. Daktari yule ameongea naye. Mimi nimepiga magoti. Mwenye uzoefu wa kumrudisha mzazi kutoka mahali kama hapo, naomba aandike hapa chini. Matusi pia nitasoma, nimezoea.

Mtoto mkubwa wa Désiré ana miaka sita. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, anaenda kwenye mlango wa bibi yake akiwa amemshika mdogo wake mkono. Wanasukuma mlango kidogo, wanachungulia, na yeye ndiye anayeuliza kwa niaba ya wote wawili:

"Koko, uko muzima? Tunaweza kula?"